Mnyororo Ulioruka Meno: Taimingi ya Injini Katika Gereji za Kampala

Ndani ya kila injini ya gari kuna mfumo unaoamua ni wakati gani hasa kila valvu ifunguke na ifungike kwa kulingana na mwendo wa pistoni, na mfumo huo ndio unaoitwa taimingi. Katika pikapu nyingi na magari mepesi ya mizigo yanayosambaza matoke, saruji, magodoro na kreti za soda katika mitaa ya Kampala, taimingi hutegemea mnyororo mmoja au miwili ya chuma, ambayo mafundi huiita cheni, inayozunguka nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini, mahali ambapo mwenye gari haoni wala hafikirii mpaka siku ya matatizo. Cheni hiyo ikiruka meno, yaani ikihama kwenye meno ya gurudumu lake na kukaa pasipo pake, gari lililopanda mlima wa Namirembe jana bila taabu linaweza leo kukataa kuwaka kabisa, na mara nyingine injini huharibika vibaya katika muda usiofika hata sekunde moja. Ni hitilafu inayorekebishika, na mafundi wa Kampala wanaoijua vyema si haba, lakini ukarabati wake hudumu pale tu fundi na mwenye gari wanapokubali kwamba cheni huruka kwa sababu kitu kingine kimeshaharibika kabla yake, na kwamba kitu hicho, mara nyingi, ni oili au ni kile kifaa kidogo kinachoendeshwa na oili.

Si kila gari lina cheni, na jambo hili linafaa kuelezwa mapema ili msomaji ajue kama linamhusu. Malori makubwa ya trela yanayoleta shehena kutoka bandari ya Mombasa kupitia Malaba na Busia, safari ya takribani kilomita 1,170 hadi Kampala, huendesha taimingi kwa gia zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe, na gia hizo haziruki ila zikivunjika meno au zikifungwa vibaya. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, pamoja na Hiace nyingi za dizeli, hutumia mkanda wa mpira, ambao umri wake unajulikana, na Toyota imeweka kwenye dashibodi za magari mengi ya aina hiyo taa ya T-BELT inayomkumbusha dereva kwamba kilomita za mkanda zimekwisha. Cheni hupatikana katika Hilux na Hiace zenye injini ya petroli ya 2TR-FE, katika Hilux za dizeli za kuanzia mwaka 2015 zenye injini za 1GD na 2GD, katika Nissan Navara za YD25, na katika Pajero za zamani zenye injini ya 4M40. Watengenezaji wa injini hizi huchukulia kwamba cheni itadumu maisha yote ya injini, kwa hiyo hawakuweka taa ya kuikumbusha, na wenye magari wengi wameisoma ahadi hiyo bila kulisoma sharti lake, ambalo ni oili safi ya kiwango kinachotakiwa, inayobadilishwa kwa wakati.

Injini hizi zote hufuata mzunguko wa hatua nne ambao Mjerumani Nicolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876, yaani kuvuta hewa, kuibana, kuchoma mafuta na kutoa moshi. Katika hatua hizo nne, krankishafti, ambayo ni shafti nzito ya chini inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, huzunguka mara mbili, ilhali kamshafti, shafti ya juu yenye vinundu vinavyosukuma valvu, huzunguka mara moja tu, na ndiyo sababu gurudumu la meno la kamshafti huwa na meno maradufu ya lile la krankishafti. Gurudumu la chini likiwa na meno 18 na la juu 36, cheni iliyoruka jino moja huwa imeleta tofauti ya nyuzi 20 za mzunguko wa krankishafti. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa kuwa injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hufungua kila valvu mara 25 katika sekunde moja, na kila mfunguko umepangiwa nyuzi zake za kuanzia na za kukomea.

Jino moja likiruka, mara nyingi injini bado huwaka, lakini huwaka kwa shida, hukosa nguvu ya kupanda kilima, hutumia mafuta mengi na kutoa moshi usio wa kawaida. Yakiruka mawili au matatu, valvu iliyopaswa kuwa imefungika hukutwa iko wazi wakati pistoni inafika juu, na vyuma viwili vinagongana. Injini za dizeli ndizo zilizo hatarini zaidi, kwa sababu dizeli haiwashwi na cheche ya plagi bali na joto la hewa iliyobanwa sana, kwa kawaida mara 15 hadi 20 ya ujazo wake, na ili hewa ibanwe kiasi hicho pistoni hulazimika kupanda mpaka kati yake na silinda hedi ibaki nafasi ya takribani milimita moja. Ndani ya nafasi hiyo hakuna mahali pa valvu iliyochelewa kufungika. Shina lake hupinda, au roka inayoisukuma huvunjika, na katika hali mbaya kabisa kichwa cha valvu hukatika na kutoboa pistoni. Aidha, katika injini ambazo cheni huendesha pia pampu ya dizeli ya aina ya zamani, ile inayopanga yenyewe wakati wa kurusha dizeli, kuruka kwa cheni huvuruga mambo mawili kwa mpigo, hewa na mafuta, na fundi asiyelijua hilo huweza kusafisha na kubadilisha nozeli mara kadhaa bila kupata nafuu yoyote.

Cheni yenye pini, bushi na rola ilipata hataza mwaka 1880 kwa jina la Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na karakana yake Manchester, Uingereza, na kanuni yake haijabadilika sana tangu hapo. Watu husema cheni imevutika, na kwa kweli urefu wake huongezeka, lakini chuma chenyewe hakivutiki. Kinacholika ni pini na bushi katika kila kiungo. Cheni yenye viungo 150, kila kiungo kikilika sehemu mbili za mia za milimita, ambazo ni nyembamba kuliko unywele, huwa imeongezeka urefu wa milimita 3. Cheni ya baiskeli ikilegea kiasi hicho mwenyewe huiona na kuivuta nyuma kwa spana. Cheni ya injini haionekani, kwa hiyo kazi ya kuikaza imekabidhiwa kifaa kiitwacho tenshena, ambacho ni pistoni ndogo inayosukumwa na springi pamoja na shinikizo la oili ya injini, ikiegemea mkono uliovikwa plastiki ngumu unaoikandamiza cheni upande wake uliolegea. Oili ikipungua, ikiwa nzito kwa uchafu, au kitundu kinachoilisha tenshena kikiziba kwa masizi, mkono huo hulegea, plastiki ya reli zinazoongoza cheni hupigwapigwa mpaka ikameguka, na cheni hupata uwazi wa kupanda juu ya meno.

Hali ya Kampala huharakisha mambo haya kwa namna ambayo kitabu cha gari kilichoandikwa Japani hakikuipigia hesabu. Pikapu inayotoka Nakawa hadi Kibuye wakati wa jioni hutembea kilomita chache tu, lakini injini yake hunguruma kwa saa nzima au zaidi, na oili huchakaa kwa saa hizo ilhali mita ya kilomita haisemi kitu. Injini ya dizeli inayonguruma bila mzigo huzalisha masizi yanayoingia kwenye oili, na masizi hayo, yakipita kwenye pini za cheni, huzisaga kidogo kidogo. Kwa gari la aina hii, kungoja kilomita 10,000 ndipo oili ibadilishwe ni kosa, na 5,000 ni kiwango cha busara zaidi. Kisha kuna vilima. Gari lililoegeshwa kwenye mteremko wa Kololo au Nakasero likiwa ndani ya gia, huku breki ya mkono ikiwa dhaifu, hujivuta taratibu na kuweza kuizungusha injini kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida. Injini iliyozimika haina shinikizo la oili, kwa hiyo tenshena imebaki na springi yake peke yake, na upande wa cheni uliokuwa umekazika ndio sasa unaolegea. Hatari hiyohiyo hujitokeza gari lenye betri iliyokufa linaposukumwa na vijana watano na dereva akaachia klachi kwa ghafula. Kwa injini yenye cheni changa mshtuko huo hauna madhara makubwa, lakini kwa cheni iliyochoka unaweza kuwa ndio wa mwisho.

Kwa bahati njema, cheni hutoa onyo. Injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, husikika mchakacho wa chuma upande wa mbele kwa sekunde moja au mbili kabla oili haijafika kwenye tenshena, na jinsi wiki zinavyopita mchakacho huo huchukua muda mrefu zaidi kukoma. Katika magari yenye kompyuta, sensa ya krankishafti na ya kamshafti hulinganishwa kila mara, na zikitofautiana kupita kiasi taa ya injini huwaka na mashine ya kusomea hitilafu huonyesha namba P0016. Namba hiyo si hukumu ya mwisho, maana sensa mbovu au waya uliokatika pia huweza kuileta, lakini ikiandamana na mchakacho wa asubuhi hakuna sababu ya kuendelea kuitilia shaka. Gari likizimika ghafula barabarani na likikataa kuwaka, huku starta ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida au kwa kukwama-kwama, jambo la kwanza na la lazima ni kuacha kupiga starta. Kila jaribio la ziada linaweza kupinda valvu nyingine, na fundi anayeitwa njiani akaanza kwa kusema gari lisukumwe anafaa kukataliwa kwa heshima.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa waya wa betri, kumwaga maji ya redieta na oili, kisha kufungua feni, mikanda ya nje, puli ya krankishafti na kifuniko cha valvu kilichoko juu. Bolti ya puli hukazwa kwa nguvu nyingi sana, na hapa ndipo uharibifu mwingi wa gereji za kando ya barabara unapotokea, kwa sababu kuizuia injini kwa kuchomeka bisibisi kwenye meno ya flaiwili huvunja meno hayo, na kuilegeza bolti kwa kupiga starta huku spana ndefu ikiwa imeegemezwa kwenye chesisi ni hatari kwa injini ambayo valvu zake tayari zimekosa nafasi. Kuna chuma maalumu cha kuishikia puli, na mafundi wa kuchomelea wa Katwe wanaweza kukitengeneza kwa kipande cha bamba na bolti mbili. Baada ya hapo kifuniko cha mbele huondolewa, na katika baadhi ya injini hakitoki mpaka sampu, yaani karai la oili la chini, nalo lilegezwe au litolewe.

Kabla ya kugusa cheni, fundi mwenye uangalifu hutazama alama. Kwenye magurudumu ya meno kuna nukta zilizochongwa kiwandani, na kwenye cheni mpya kuna viungo vichache vyenye rangi tofauti vinavyopaswa kukaa mkabala na nukta hizo wakati pistoni ya silinda ya kwanza iko juu kabisa. Umbali kati ya nukta na mahali zilipopaswa kuwa humwonyesha ni meno mangapi yameruka, na hesabu hiyo ndiyo inayompa mwanga kama atarajie valvu zilizopinda. Kosa kubwa la hatua hii ni kushika spana na kuzungusha shafti moja mpaka alama zikutane, kwa maana valvu zilizo wazi zitakutana na pistoni zilizo juu, na uharibifu ambao haukufanywa na cheni utafanywa na mkono wa fundi. Njia salama ni kuirudisha krankishafti taratibu kwa takribani nyuzi 90 kutoka kwenye kilele, ili katika injini ya silinda nne pistoni zote ziwe katikati ya silinda zao na zisiwe karibu na valvu yoyote, kisha kamshafti izungushwe mpaka kwenye alama zake, na mwisho krankishafti ipandishwe kwenye alama yake. Ukinzani wowote usioeleweka ni ishara ya kusimama na kutafuta sababu, wala si ya kutafuta spana ndefu zaidi.

Ili kujua kama valvu zimepinda, kila silinda hujazwa hewa ya kompresa wakati valvu zake zote zinapaswa kuwa zimefungika. Hewa ikisikika ikitoroka kwenye bomba la kuingizia hewa, valvu ya kuingiza imepinda. Ikisikika kwenye ekzosi, ni ile ya kutolea moshi. Kipimo hiki huchukua muda mfupi na huokoa fedha nyingi, kwa sababu silinda hedi isiyo na kosa haifunguliwi bure, na iliyo na valvu zilizopinda haifunikwi tena na cheni mpya juu yake ili gari lirudi baada ya siku tatu.

Vipuri hubadilishwa vyote kwa pamoja: cheni, magurudumu yake ya meno, reli za plastiki, mkono na tenshena. Cheni mpya ikifungwa kwenye meno yaliyochongoka hulika haraka na kufuata umbo la meno mabovu, na tenshena kuukuu ndiyo iliyoileta hitilafu hapo mwanzo. Vipande vya plastiki vilivyovunjika hutafutwa mpaka vyote vipatikane, na ikibidi sampu hufunguliwa, kwa kuwa kipande kinachoachwa humo huvutwa na pampu ya oili na kuziba kichujio chake, na kipande chenye ukubwa wa ukucha kinaweza kuinyima oili injini yenye cheni mpya kabisa. Cheni huvalishwa ikiwa imenyooka bila ulegevu upande unaovuta, ulegevu wote ukiachwa upande wa tenshena. Tenshena hufungwa ikiwa imebanwa kwa pini yake ndogo, na pini hiyo hutolewa mwisho. Kisha injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krankishafti na alama hutazamwa upya. Viungo vyenye rangi havitarudi kwenye nukta, kwani hukutana nazo tena baada ya mizunguko mingi, na jambo hilo limewapotosha mafundi wengi wachanga wakafungua kazi iliyokuwa sahihi. Zinazopaswa kurudi ni alama za magurudumu kwa zile za injini. Sili ya mbele huwekwa mpya, kifuniko hupakwa silikoni kidogo isiyomwagikia ndani, bolti hukazwa kwa torki spana kwa kipimo kilichoandikwa, oili na filta huwa mpya, na kabla ya kuwasha, injini huzungushwa kwa starta huku mafuta yakiwa yamekatwa mpaka shinikizo la oili lipande.

Suala la vipuri lina historia yake mjini hapa. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ya uagizaji ilivurugika na vipuri vikawa adimu, na mafundi wa Kampala walizoea kuunga, kuchonga na kuhamisha kifaa cha gari hili kwenye gari lile, ustadi ambao bado ni hazina ya Katwe na Ndeeba. Leo uhaba umekwisha, na katika soko la Kisekka, karibu na Nakivubo, cheni ya karibu kila injini ya Kijapani hupatikana, ila sasa tatizo ni kutofautisha kifaa halisi na cha bandia chenye boksi linalofanana. Ustadi wa kuunga, unaofaa kwa bamba la bodi au mabano ya ekzosi, haufai kwa cheni ya taimingi: kiungo kilichotolewa ili kuifupisha cheni, au tenshena iliyowekewa washa nyuma ya springi, ni hatari iliyofichwa nyuma ya kifuniko.

Njia nyingine inayopendwa ni kununua injini nzima iliyotumika kutoka Japani na kuifunga badala ya ile iliyoharibika. Silinda hedi na pistoni zikiwa zimeharibika pamoja, njia hiyo huweza kuwa na maana kifedha, lakini mnunuzi hupokea cheni ambayo umri wake na oili yake havijulikani. Kwa hiyo injini ya kununuliwa inastahili kufunguliwa kifuniko chake cha mbele ingali chini, kabla ya kufungwa garini, ili tenshena ionwe imetoka kiasi gani. Ikiwa imetoka karibu mwisho wake, cheni imekwisha.

Mafundi wengi wa gereji hizi walijifunza kwa kumtazama fundi mkubwa, na mafunzo ya namna hiyo hutoa mikono myepesi yenye uzoefu mpana. Kinachokosekana mara nyingi ni kitabu cha vipimo, torki spana na muda. Chuo cha ufundi cha Nakawa, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ushirikiano na Japani, hufundisha kazi hii kwa utaratibu wake, na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, chini ya mfumo uliowekwa na sheria ya mwaka 2008, ilikuwa ikipima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani. Wenye magari nao wana sehemu yao, kwani anayemtaka makanika amalize kabla ya jua kuzama, kwa bei ya cheni peke yake, ndiye anayemlazimisha kuiacha tenshena ya zamani mahali pake. Anayesikia mchakacho wa mbele ya injini asubuhi ya leo alipeleke gari gereji akiwa bado analiendesha, aulize tenshena, reli na magurudumu ya meno pamoja na cheni, na aombe kuoneshwa vipuri vya zamani vilivyotolewa kabla hajalipa.